Bastola Mpya ya .22 na Siku ya Kwanza Uwanjani: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Malalamiko yalikuwa matatu. Bastola ni mpya kabisa, Ruger Mark IV Target ya chuma kisichoshika kutu, mtutu wa inchi 5.5, imenunuliwa dukani hapa Minnesota na dada mmoja muuguzi, mzaliwa wa Mwanza. Siku yake ya kwanza uwanjani baadhi ya risasi ziligoma kulipuka, baadhi ya maganda yakanasa kwenye dirisha la kutokea, na zile zilizotoka vizuri zikaangukia chini kushoto mwa duara jeusi. Jioni alinitumia picha ya karatasi ya shabaha na ujumbe mfupi: "Kaka, nadhani nimeuziwa mbovu. Niirudishe?" Chini yake akaorodhesha vitu alivyokwisha kuviweka kwenye kikapu cha duka la mtandaoni: trigi (kifyatulio) ya kubadilishia, kilengeo cha nukta nyekundu na springi mpya.

Nilimwomba asinunue kitu na asirudishe kitu mpaka tukae nayo pamoja uwanjani. Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu nimekiona kwa watu wengi wanaonunua bastola ya shabaha ya .22 (yaani ya risasi yenye kipenyo cha takriban inchi 0.22) kwa mara ya kwanza. Wanarudi nyumbani na hukumu juu ya bastola, ilhali walichokiona kimetokana na vitu vitatu vilivyochanganyika: bastola, risasi na mkono. Usipovitenganisha, utatumia pesa kutengeneza kilicho kizima.

Alinunua kwa nini? Aliangalia Olimpiki ya 2024, shindano la wanawake la bastola ya mita 25 kule Châteauroux, Ufaransa, ambako Yang Ji-in wa Korea Kusini na Camille Jedrzejewski wa Ufaransa walifungana pointi ikabidi waongezewe raundi ya kuamua mshindi, na Yang akachukua dhahabu. Sisi tuliokulia Tanzania au Kenya, bastola tuliiona kiunoni mwa askari au tuliisikia kwenye habari za ujambazi. Kuifahamu kama chombo cha mchezo, cha pumzi na macho, ni jambo tunalojifunza ukubwani. Nilifurahi sana kusikia kwamba kilichomvutia ni utulivu wa wale wanawake, maana ndiko mchezo huu uliko.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi, kwa kuwa Waswahili wa huku huuliza. Kununua bastola kwa muuzaji mwenye leseni Marekani kunahitaji umri wa miaka 21, fomu ya shirikisho namba 4473 na ukaguzi wa rekodi zako. Mwenye green card anaweza kununua. Mwenye viza ya muda kwa kawaida hawezi, isipokuwa kwa masharti maalumu. Minnesota inaongeza kibali cha kununua kinachoombwa kwa polisi wa mji wako au kwa sherifu. Dada alikuwa amekamilisha yote hayo.

Chombo chenyewe

Ukoo wa bastola hii ulianza 1949, William Ruger na Alexander Sturm walipofungua karakana Southport, Connecticut, na kuuza bastola yao ya kwanza ya .22 kwa dola 37.50. Ruger alikuwa ameichunguza bastola ya Kijapani aina ya Nambu iliyoletwa na mwanajeshi aliyerudi kutoka vitani, akachukua kwake wazo moja kubwa. Kinachorudi nyuma risasi inapotoka ni bolti nyembamba, kipande cha chuma kinachoziba nyuma ya mtutu, iliyomo ndani ya mwili wa bastola, si sehemu yote ya juu kama ilivyo kwa bastola nyingi za polisi. Mtutu umekazwa kwenye mwili huo moja kwa moja. Kilengeo cha mbele kiko juu ya mtutu, cha nyuma kiko juu ya mwili, na hakuna kinachosogea kati yao. Wazo hilo tutalihitaji tukifika kwenye lalamiko la tatu.

Mark II ilikuja 1982, Mark III miaka ya 2000 katikati, na Mark IV mwaka 2016. Wazee wa mchezo huzisifu zile za awali kwa usahihi na huzilalamikia kwa jambo moja, kuzifungua kwa usafi na kuzirudisha. Kulikuwa na mpangilio wa kuinamisha na kuinua ambao ukiukosea, mlango wa nyuma haufungi. Mark IV ililimaliza hilo. Unatoa magazini (kisanduku cha risasi), unavuta bolti kuhakikisha chemba, tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi, ni tupu, unaweka usalama, unabonyeza kitufe kimoja kwa nyuma, na sehemu ya juu inainuka kwenye bawaba yake.

Anayenunua Mark IV iliyotumika anapaswa kujua kwamba Juni 2017 kampuni ilitangaza kuziita zote zilizotengenezwa kabla ya tarehe 1 Juni mwaka huo ili zifanyiwe marekebisho, kwa sababu ya hitilafu inayoweza kutokea pale kitufe cha usalama kinapoachwa katikati, kati ya kufungwa na kufunguliwa. Angalia namba ya bastola kabla hujalipa. Ya dada yetu ni ya miaka ya baadaye kabisa, kwa hiyo hilo tuliliweka kando mapema.

Zilizogoma kulipuka

Alikuja uwanjani na aina mbili za risasi. Moja ilikuwa kopo kubwa la plastiki lenye mamia ya risasi za bei nafuu, zimemwagwa ndani bila mpangilio. Ya pili ilikuwa kisanduku kidogo kilichoandikwa kuwa ni za kelele ndogo. Alikuwa akizichanganya kwenye magazini moja. Hapo tu nusu ya jibu ilikuwa imeshaonekana, lakini dhana haitoshi. Lazima uijaribu.

Tulianza na za kopo peke yake. Ya kwanza iliyogoma hatukuifungua. Tuliuacha mtutu umeelekea kwenye shabaha, tukahesabu nusu dakika, kwa sababu kuna risasi inayochelewa kulipuka, na hutaki ikulipukie ikiwa imeshatoka chemba. Kisha tukaitoa na kuiangalia kitako. Alama ya pini, ncha ya chuma inayoigonga risasi ili ilipuke, ilikuwa pana na yenye kina kizuri, ukingo umebonyea sawasawa. Tukaizungusha kidogo, tukairudisha chembani, ikalipuka.

Alama ile inaeleza mengi, na ni vizuri kuelewa kwa nini. Risasi ya .22 Long Rifle, iliyoanza kutengenezwa 1887, haina kidonge cha kiwashio katikati ya kitako kama risasi ya 9 mm. Kiwashio chake ni mchanganyiko wenye unyevu unaodondoshwa ndani ya ganda tupu, kisha ganda linazungushwa kwa kasi mpaka mchanganyiko usambae na kuingia ndani ya ukingo, kama uji unaobaki pembeni mwa sufuria ukiizungusha. Pini inapiga ukingo mahali pamoja tu. Ikiwa mahali hapo hapakufikiwa na mchanganyiko, hakuna moto, hata pini ikipiga kwa nguvu zake zote. Ukiizungusha risasi, unaipa pini mahali pengine pa kupiga. Kwa hiyo alama nzito ikifuatana na risasi inayolipuka baada ya kuzungushwa, mtuhumiwa ni risasi. Alama ingekuwa hafifu, ningegeukia bastola: pini chafu, mafuta yaliyoganda, au bolti isiyofika mwisho.

Hata hivyo sikutaka tuishie hapo. Nilichukua za kopo lilelile nikazipiga kwenye bastola yangu ya siku nyingi, ambayo naijua tabia. Nazo ziligoma, kwa kiasi kilekile. Kisha tukaweka kwenye bastola yake kisanduku cha risasi za shabaha za kasi ya kawaida, zile zinazopangwa kwenye trei, kila moja na tundu lake. Kisanduku kizima kilikwisha bila hata moja kugoma. Jaribio hili la kubadilishana, risasi zake kwenye bastola yangu na risasi nzuri kwenye bastola yake, ndilo ninalomsihi kila mnunuzi mpya alifanye kabla ya kuandika barua ya malalamiko. Halihitaji fundi.

Maganda yaliyonasa

Dada alizinunua zile za kelele ndogo kwa ushauri wa mhudumu dukani, kwa kuwa mlio ulikuwa ukimtisha. Ni sababu ya kueleweka. Lakini risasi hizo zimekusudiwa hasa bunduki ambayo mpigaji mwenyewe huvuta bolti kwa mkono.

Bastola ya namna hii haina kufuli lolote la mtutu. Kinachoizuia bolti isirudi nyuma mapema ni uzito wake na springi yake tu. Moto wa baruti unasukuma risasi mbele na ganda nyuma kwa wakati mmoja. Ganda linaisukuma bolti, bolti inarudi, kucha inalivuta ganda, ganda linagonga kizuizi na kuruka nje, kisha springi inairudisha bolti ikiwa imebeba risasi nyingine. Yote yanategemea msukumo wa mwanzo. Risasi ya kawaida ya shabaha ya gramu 2.6 huenda kwa takriban mita 325 kwa sekunde ikipimwa kwenye mtutu wa bunduki. Ya kelele ndogo, yenye uzito uleule, huenda kwa mita 216 hivi. Msukumo wake ni kama theluthi mbili tu. Bolti inarudi nusu safari, ganda linatoka nusu, bolti inalirukia na kulibana dirishani likiwa limesimama wima.

Bolti ya bastola mpya ina kizuizi kingine pia, mafuta mazito ya kuhifadhia yanayopakwa kiwandani. Nilipoifungua niliyakuta bado yamo yote, hasa kwenye njia ya bolti, na tayari yameshika masizi na nta. Risasi za .22 hupakwa nta au mafuta kwa nje, kwa hiyo ni chafu kuliko nyingine. Tuliifuta kwa kitambaa na kiyeyushio, tukapaka tone moja moja la mafuta mepesi mahali chuma kinaposugua chuma, basi. Bastola mpya inafaa kusafishwa kabla ya risasi ya kwanza. Watu wengi hudhani upya ndio usafi.

Baada ya hapo, na za kelele ndogo zikiwa zimewekwa kando, hakuna ganda lililonasa tena, kwa za shabaha wala kwa zile za kopo zilizokubali kulipuka. Kuhusu hofu ya mlio, jibu lake ni vifunika masikio vizuri, na vipachikwe juu ya vizibo vya ndani ya sikio kwa miezi ya mwanzo. Kelele ya .22 kwenye mtutu mfupi inaumiza masikio hata kama haikushtui. Na kwa kuwa risasi hizi ni za madini ya risasi matupu, nikamkumbusha kunawa mikono na uso kwa maji na sabuni kabla ya kula chochote. Muuguzi hahitaji kuelezwa hilo mara mbili.

Chini kushoto

Hapa ndipo kisa kilipo hasa, na ndipo pesa nyingi hupotea. Kwa mpigaji wa mkono wa kulia, kundi la matundu linaloangukia chini kushoto huwa na sababu inayojulikana: kidole hakivuti trigi taratibu, kinainyakua, na kiganja kizima kinabana pamoja nacho wakati mpigaji anausubiri mlio. Kila kocha angemwambia hivyo kwa kuiona picha tu. Lakini kusema hivyo bila kuichunguza bastola ni kubahatisha, na dada alikuwa na haki ya kujua kama vilengeo vyake viko sawa.

Kwa hiyo nilikaa mezani, nikaegemeza mikono yote miwili juu ya mfuko wa mchanga, nikapiga yadi 25 kwa risasi za shabaha, nikilenga katikati kabisa ya jeusi. Kundi lilikuwa dogo, ndani ya inchi mbili, na lilikaa katikati. Basi bastola inapiga mahali inapolenga. Mtutu uliokazwa na vilengeo visivyosogea vinatimiza ahadi yao, na kwa bei yake hilo ni jambo la kufurahisha kweli.

Kisha nikamuuliza: "Dada, unaweka wapi kilengeo cha mbele?" Akasema chini ya jeusi, kwenye ukingo wa chini, kama alivyoona kwenye video za wapigaji wa mashindano. Ni sahihi kabisa, wengi wao hulenga hivyo, kwa sababu kilengeo cheusi kinaonekana vizuri zaidi juu ya karatasi nyeupe. Ila wao wameinua kilengeo cha nyuma ili risasi ipande mpaka katikati. Chake kilikuwa kimewekwa kwa ajili ya kulenga katikati. Sehemu ya lile "chini" ilikuwa ni hilo tu. Kanuni ni rahisi: kilengeo cha nyuma kinasogezwa upande ule unaotaka risasi iende. Tulikiinua klik chache, na "chini" ikapungua sana.

"Kushoto" haikuondoka. Na haikupaswa kuondolewa kwa bisibisi. Ungekisogeza kilengeo kulia, ungekuwa umeirekebisha bastola ifuate kosa la kidole, na siku kidole kitakapotulia risasi zitaanza kwenda kulia.

Kuna jaribio la zamani la kuuonyesha mkono wake mwenyewe. Mtu mwingine anapakia magazini, akichanganya risasi za kweli na za bandia bila mpigaji kujua mpangilio. Kwa .22 si lazima ununue za bandia za bei kubwa. Wapigaji wengi hutumia zile plagi ndogo za plastiki za njano zinazowekwa ukutani kabla ya skrubu, ambazo zinaingia chembani vizuri. Plagi hazipiti kwenye magazini, kwa hiyo tulipakia chemba moja moja, yeye akigeuzia macho pembeni, bastola ikielekea shabaha muda wote. Kwenye plagi ya kwanza trigi ilisema "tik", hakuna mlio, na mtutu ulichovya chini kushoto waziwazi. Aliona mwenyewe. Hakusema kitu, aliomba nipakie tena.

Tuliendelea na hilo mpaka kichovyo kikawa kidogo. Maagizo niliyompa yalikuwa mawili tu: macho yabaki kwenye kilengeo cha mbele hata shabaha ikififia, na kidole kiongeze nguvu polepole bila kuamua ni lini itatoka. Karatasi ya mwisho siku ile ilikuwa na kundi pana, lakini katikati yake ilikuwa ndani ya jeusi.

Trigi, uzito, na kinachobaki

Bastola hii si kamilifu, na sitaki kuandika kana kwamba lawama zote ni za mwenye nayo. Trigi yake kwenye mizani ilipita paundi nne na nusu, tena ina mkwaruzo kidogo kabla ya kuachia. Kanuni za mashindano ya Marekani kwa .22 zinaruhusu kushuka hadi paundi 2, na kanuni za kimataifa za mita 25 zinadai angalau gramu 1000. Mzigo kama huu unamchosha anayepiga kwa mkono mmoja, na ndio mtindo wa michezo yote miwili. Sehemu ya mkwaruzo inatokana na kifaa kinachoizuia isifyatuke magazini ikiwa nje. Wengi hukitoa. Mimi namshauri akiache, hasa nyumbani ambamo kuna watoto wanaotembelea.

Je, abadilishe trigi? Naamini ndiyo, lakini baadaye. Trigi nyepesi mkononi mwa anayenyakua inaficha kosa, hailiondoi. Apige kwanza miezi kadhaa na risasi za aina moja, afanye mazoezi ya kukaza trigi bila risasi, jambo ambalo kitabu cha bastola hii kinaruhusu mradi pini ya kuzuilia iwe mahali pake baada ya usafi. Kwa kuwa magazini tupu inaifanya bolti ibaki nyuma, kila mara atahitaji kubonyeza kitufe cha pembeni ili kuifunga. Ni usumbufu, lakini unakulazimisha kuiangalia chemba kila mara, na naupenda kwa hilo.

Uzito nao ni suala. Ya chuma kizima inapita kilo 1.2. Ukiwa na mifuko ya mchanga uzito huo unatuliza; ukiwa na mkono mmoja ulionyooshwa kwa risasi 10 ndani ya dakika 10, bega linaanza kutetemeka kwenye ya sita au ya saba. Yapo matoleo yenye fremu ya alumini ambayo ni mepesi, na mtu mwenye umbo dogo ningemwelekeza huko kabla hajalipa. Dada aliipenda hii kwa kuwa haitikisiki, na mabega ya muuguzi anayegeuza wagonjwa usiku kucha si ya kudharau.

Kikapu cha mtandaoni kilifutwa, isipokuwa kilengeo cha nukta nyekundu, ambacho nilimwambia si kosa kukinunua siku macho yatakapoanza kusumbua kwenye kilengeo cha mbele. Kanuni za Marekani zinakiruhusu, za kimataifa hazikiruhusu, kwa hiyo achague kwanza mchezo anaoutaka. Pesa iliyobaki imenunua katoni ya risasi za kasi ya kawaida, aina moja, ili karatasi ya wiki hii ilinganishwe na ya mwezi ujao bila shaka yoyote. Za kopo anazimalizia kwenye mazoezi ya kuondoa risasi iliyogoma. Za kelele ndogo amempa mwenzetu mwenye bunduki ya kuvuta bolti kwa mkono, ambaye anasema zinafanya kazi bila tatizo.

Sasa anapiga yadi 25 tu. Alitaka kwenda 50, na nimemwomba asubiri mpaka kundi lake liache kuelekea kushoto lenyewe.